Godoro la Bi Doto

Kila asubuhi, kabla hata ya kumwamkia mama, nilikuwa naingiza mkono chini ya shuka lake na kupapasa godoro. Likiwa kavu, namwambia shikamoo. Likiwa limelowa, nagomba kwanza, shikamoo inafuata baadaye, na siku nyingine haifuati kabisa. Nayasema haya mwenyewe, maana Ikwiriri nzima iliyajua.

Mama yangu, Bi Doto, alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu. Miguu ilimsumbua, ulimi haukuwahi kumsumbua. Kutwa alikaa barazani kwenye kiti chake cha kamba, akitazama mabasi ya Dar es Salaam na ya Lindi, na kila abiria aliyeshuka alipata lake: huyu kavaa kiatu cha marehemu, yule kamkimbia mke. Nyumba ilikuwa yake, aliachiwa na baba. Gesti, humo humo ndani, ilikuwa yangu. Niliianzisha mwaka wa tisini, ruksa ya biashara ilipokolea na kila mwenye gunia la ufuta akawa anatafuta pa kulala.

"Si miye, Nusaiba," alikuwa akisema kila nilipolitoa godoro juani. "Ukuta ndio unaokojoa."

Tulicheka sana. Wapangaji wa gesti walicheka, na Mahamudu, aliyetuletea maji kwa mkokoteni, akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikamnunulia mama nailoni ya kutandika chini ya shuka. Kilichonikera zaidi ni kwamba aliswali na nguo zilezile zilizolowa. Nikimwambia abadilishe, hana twahara, ananikazia macho: "Maji safi haya, weye!" Nikaona basi, akili zinamtoka. Nikampelekea salamu kaka yangu Mtoro, kule Mbuchi, kijiji cha deltani, aje Jumamosi amchukue. Yeye ana wake wawili wa kumwangalia, mimi nina wageni. Kusema kweli niliogopa wageni wasije wakasikia harufu. Harufu yenyewe mimi sikuwahi kuisikia hata siku moja, ila sikujiuliza kwa nini.

Mama alipopata habari hakulia. Alisema, "Mbuchi hakuna basi. N'tamsema nani huko, kaa wa mikokoni?" Kisha akafunga nguo zake kwenye kanga na kuninunia.

Mimi nilikuwa na hamu ya marumaru tu wakati huo. Gesti ya ng'ambo ya barabara ilikuwa imeweka marumaru bafuni, na watu walikuwa wanakwenda kuzitazama hata kama hawalali pale. Nikaagiza zangu Kariakoo, za samawati, maboksi kumi na mawili. Jumatano asubuhi, baada ya kugombana na mama kwa sababu godoro lilikuwa chepechepe, nikamwita fundi Agapiti.

Agapiti alikuwa mtu wa Songea, mrefu, mpole, na mzito wa kuanza kazi. Nilidhani atashika mwiko. Yeye akakunja kidole na kuanza kugonga ukuta, hapa, pale, juu, chini, kama mgeni asiyefunguliwa mlango.

"Fundi, nimekuita ubandike, sikukuita ubishe hodi," nilimwambia.

"Marumaru hazibandikwi juu ya ukuta nisioujua, mama," alijibu, akaendelea kugonga.

Alipofika kwenye birika akasimama. Birika letu lilikuwa tanki la kujengwa, kwenye kona ya bafu, la kuwekea maji ya kuogea. Miaka mitatu nyuma nililipandisha hadi usawa wa kifua, wageni walipoongezeka. Fundi wa wakati ule alitaka kulijengea pande zote. Nikamwambia asiniletee ujanja wa kumaliza tofali: upande wa nyuma si upo, ukuta wa nyumba? Nilijiona mjanja kweli. Na nyumba yetu, kama nyingi za hapa, ilikuwa ya boriti na udongo iliyovalishwa lipu ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta. Ukiitazama ungeapa ni ya tofali.

Agapiti akagonga juu ya birika. Ukuta ukalia kama debe tupu.

"Nyuma ya hapa kuna nini?"

"Chumba cha mama."

Tulimkuta mama amekaa kitandani na furushi lake miguuni. Agapiti akamwamkia, akamwomba radhi, akamsogeza kitini taratibu, kisha akavuta kitanda. Nailoni ikachakarika na mimi nikatazama pembeni. Nyuma ya kitanda, usawa wa godoro, rangi ilikuwa imevimba na kupasuka, na lipu imeiva kwa maji. Agapiti akapiga magoti, akasogeza uso, akatoa ulimi.

"Fundi!" nilipiga kelele. "Usilambe hapo! Usilambe, jamani, hapo mama…"

Alishalamba. Akafumba macho kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Ukuta ukitoa jasho mimi hulamba kwanza," alisema. "Huku watu hujengea mchanga wa delta. Ukiwa na chumvi, chumvi ndiyo inayovuta unyevu, hakuna tatizo kubwa. Huu hauna chumvi yoyote. Hata ya… hiyo unayoiogopa. Haya ni maji ya kisima." Akamgeukia mama. "Bibi, godoro hulowa siku gani?"

Mama akageuka kitini kumkabili. Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza swali hilo, wala mimi mwanawe.

"Jumatano na Jumamosi," alisema. "Asubuhi. Siku nyingine kavu kabisa."

Nikahesabu kwa vidole. Mahamudu alikuwa analeta maji Jumanne na Ijumaa jioni.

Agapiti alirudi bafuni akapitisha kidole ndani ya birika. Ufa ulikuwepo, shubiri mbili chini ya ukingo. Birika likijaa, maji yanapita usiku kucha. Wageni wakioga asubuhi, maji yanashuka chini ya ufa na ukuta unanyamaza. Akachukua nyundo, akarudi chumbani kwa mama, akagonga ukuta mara moja tu. Lipu ikaanguka kipande kizima kama kaka la yai, na udongo wa ndani ukatiririka sakafuni kama uji. Boriti za mkoko zilikuwa nzima. Udongo haukuwepo.

"Ukuta huu ulikuwa umesimamishwa na rangi," alisema Agapiti. "Ningeubandika marumaru na uzito wake, ungelala. Na ungelala upande wa kitanda."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilikwenda kwa mama nikapiga magoti, nikalia kwa sauti, nikamwomba radhi. Aliniacha nilie nitosheke.

"Nailoni, Nusaiba," alisema. "Miye niliyekulea weye bila nailoni."

Nikaivuta nailoni kitandani, nikaikunja. Kisha akajifuta uso kwa kanga, akanyooka kitini, na nikaona macho yake ya barazani yamerudi. "Mwite Mahamudu. Waite wapangaji. Mwite na huyo wa gesti ya ng'ambo. Mji mzima ulijua kuwa nakojoa, basi mji mzima uje utazame."

Wakaja kweli. Mpaka adhuhuri foleni ilikuwa imetoka nje, watu wengi kuliko waliowahi kwenda kutazama marumaru za jirani. Mama alikaa kando ya shimo la ukuta akiwapokea mmoja mmoja, na waliocheka zamani aliwajua wote kwa majina. Mahamudu alipofika akamwonyesha lipu iliyolowa. "Onja," akamwamuru. Mahamudu akaonja, na safari hii walioshika mbavu walikuwa wengine.

Jumamosi Kaka Mtoro akafika na mtu mmoja wa kumsaidia kumbeba mama hadi kwenye mtumbwi. Mama alikuwa amelala chumba namba moja, chumba changu bora, wala hakuinuka.

"Mgonjwa wako yule pale uani," alimwambia, akionyesha godoro lililoanikwa. "Mchukue."

Kaka alicheka, akala wali, akalichukua. Godoro la mama liko Mbuchi mpaka leo, na halijawahi kulowa tena.

Agapiti alijenga ukuta upya kwa tofali, akajenga birika jipya lenye pande zake nne, mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Mvivu wa kuanza, lakini kumaliza anajua. Baada ya wiki tatu marumaru zangu za samawati zikawa ukutani, na mama akarudi chumbani kwake, kwenye godoro jipya. Jumanne jioni Mahamudu akajaza birika mpaka ukingoni.

Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Jumatano alfajiri nikaingia kwa mama. Mkono uliniwasha, nikatamani kupapasa, nikauficha mgongoni.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama, akautazama mkono niliouficha, akajivutia shuka vizuri.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Nshapapasa mwenyewe kabla hujaja. Kavu. Sasa n'peleke barazani, basi la Lindi linakaribia."