Pango la Watoto wa Kinondo

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, Mbeyu alikuwa amekwisha kupiga pasi vitambaa vya meza, na jasho limeigandisha sare yake mgongoni. Chumba cha dobi kilikuwa nyuma ya jiko la hoteli. Hakikuwa na dirisha, na feni yake ilizunguka kwa kujilazimisha. Hata hivyo, leo alikuwa akiimba. Twaiba, mwenzake wa upande wa mashuka, alimtazama akacheka.

"Una nini leo, mwenzangu? Umepandishwa cheo?"

"Watoto wangu wanakuja kuimba mbele ya pango lao."

Watoto wenyewe hakuwazaa yeye. Walikuwa wa shule ya Jumapili, katika kanisa la mabati kule Kinondo. Gundi, karatasi za manila na rangi za maji vilikuwa vimepanda bei hata kanisa likaacha kununua, basi Mbeyu akawafundisha kwa vilivyopo. Uji mzito wa unga wa ngano ukawa gundi. Makaa na bizari vikawa rangi. Makumbi ya nazi yakawa ndevu za Yusufu.

Ndivyo walivyounda pango la kuzaliwa kwa Yesu. Paa walilisuka kwa makuti kama la nyumba kweli. Mariamu alikuwa wa udongo, amejitanda kipande cha leso. Mchungaji mmoja alitoka na mguu mfupi, wakamtilia kijiwe asianguke. Kondoo walifinyangwa na Yusra, mtoto wa jirani, ambaye kwao ni Waislamu. Bibi yake alipoulizwa kama ataruhusu, alijibu, "Kondoo ni kondoo. Na Bi Maryamu tunamjua hata sisi."

Kichanga ndicho kilichowasumbua. Kila walichokichoma kwenye jiko la makaa kilipasuka, mpaka Yusra akajaribu kuukanda udongo pamoja na mchanga. Hicho kikaiva kizima, chekundu, na alama ya kidole gumba kwenye shavu.

Madam Kendi, msimamizi wa mapokezi, aliona picha ya pango kwenye simu ya Mbeyu, akaomba likae ukumbini msimu wote wa sikukuu. "Na watoto waje waimbe siku ya mkesha," alisema mwenyewe. "Wageni watafurahi sana." Mbeyu hakuomba kitu kingine.

Alivibeba vitambaa vyake hadi ukumbini. Pango lilikuwa limewekwa kando ya mti wa Krismasi na kuzungushiwa taa ndogondogo. Mgeni mmoja alikuwa amechutama akilipiga picha. Mbeyu akasogea, akaona kibao kipya: Kazi ya mikono ya klabu ya watoto wa hoteli yetu.

Alikisoma tena. Klabu hiyo ilikuwa ya watoto wa wageni, na kutwa kucha walikuwa kwenye bwawa la kuogelea.

Madam Kendi alikuwa mezani pake, simu begani.

"Madam, kile kibao kimekosewa."

"Aki Mbeyu, si leo. Hoteli imejaa. Hiyo ni kitu ya matangazo tu."

"Na watoto? Wako njiani."

Madam Kendi aliweka simu chini, akapunguza sauti. "Nilikuwa nakutafuta nikwambie. Meneja amekataa. Anasema watu wa nje wakiingia, wageni wanalalamika. Nitawatumia juisi hapo geti, sawa? Waambie pole."

Alimgusa mkono kwa upole. Mbeyu aliona afadhali angefokewa.

Getini watoto walikuwa wamekwisha kufika, mashati meupe na miguu yenye vumbi. Askari wa zamu, mzee Swabir, mwenyeji wa Waa, alikuwa amewapanga kwenye kivuli cha ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wako hawa. Nimeambiwa wasipite." Alisema huku akiangalia barabara.

Yusra akashika vyuma vya geti. "Mwalimu, kondoo wangu hawajavunjika?"

"Wazima wote."

"Basi tuingie tuwaone."

Juisi ililetwa kwenye sinia. Watoto waliipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakanywa mpaka mirija ikalia. Kisha wakajipanga upya, warefu nyuma, wafupi mbele, wakamtazama mwalimu wao wakingoja lango lifunguliwe.

Mbeyu akageuka. Alipita bustani, akaingia ukumbini, akainama mbele ya pango, akakitoa kichanga horini na kukifunika kwa kitambaa cha meza. Hakuna aliyemsemesha. Mwanamke aliyevaa sare, mwenye kitambaa mkononi, nani angemwona? Alirudi kwa mwendo uleule.

Swabir alinyoosha mkono, kwa kuwa kila kitokacho hupekuliwa. Akafunua kitambaa.

"Una kibali cha kumtoa?"

"Alipoingia, mzee, ulimwandikia?"

"Sikumwandikia."

Mzee aliitazama ile alama ya kidole gumba shavuni. Kisha akakifunika kichanga tena taratibu, akafungua mlango mdogo wa geti.

Waliimbia palepale kando ya barabara. Yusra alikipakata kichanga, na wenziwe wakamzunguka. Tuktuk moja ilipunguza mwendo. Mwanamke aliyekuwa ndani akapunga mkono. Waliimba beti zote, hata zile walizozisahau, wakizijaza kwa maneno yao.

Mchana Mbeyu aliitwa ofisini. Madam Kendi hakuwa na upole tena.

"Wageni wanauliza mtoto yuko wapi. Uko naye?"

"Wanaye waliomtengeneza. Siku watakayoruhusiwa kuingia, watakuja naye."

"Mbeyu, unajua wewe ni kibarua."

"Najua, madam."

"Basi nenda. Tukikuhitaji, tutakupigia."

Kibarua hafukuzwi; haitwi tu. Hakuna barua ya kulalamikia wala mtu wa kumshtaki. Mbeyu alivua sare, akaikunja vizuri kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua, akaiacha juu ya meza ya pasi.

Jioni Twaiba alimpigia simu akimsimulia. Dereva wa hoteli alikuwa ametumwa Ukunda haraka, akarudi na mdoli wa plastiki mwenye nywele za manjano, anayelia akibonyezwa tumbo. Alikuwa mkubwa mno kwa lile hori, miguu ikabaki nje. Wageni walikuwa wakimpiga picha.

"Na kile kibao?"

"Bado kipo."

Jumapili iliyofuata simu ilikuwa kimya bado. Watoto walikaa chini kanisani, nyuso juu, maboksi matupu ya sabuni yamelundikwa mbele yao. Mbeyu alikuwa ameyaomba dukani kwa Salimu.

"Mwalimu, leo tunaunda nini?"

"Safina ya Nuhu."

"Tuanze na nini?"

Mbeyu alichukua kisu, akalivuta boksi kubwa kuliko yote.

"Na mlango," akasema. "Tuupasue mpana."