Mafundi wa Ngozi ya Mdogo Mtu

Ndugu wawili wa kike walianika mashuka ya hoteli juu ya paa la zege la kiwanda cha udobi. Jua liliwapiga kutoka juu, na weupe wa mashuka ukawarudishia usoni. Jioni waliporudi chumbani kwao, mdogo mtu alikaa mkekani, akanyoosha mikono, na mafundi wa ngozi yake wakatoka vinyweleoni.

Walikuwa wadogo kuliko punje za chumvi. Walipita wakiipapasa ngozi, uzi kwa uzi, na pale jua lilipogandanisha vifundo viwili visivyopaswa kushikana, walisimama. Mmoja alikata kipande kibovu. Mwingine aliutazama uzi wa pili uliolala mkabala, akafuma kipande kipya kwa kuufuatisha. Wa mwisho akaunga ncha. Mdogo mtu alikuwa akitafuna karanga.

"Wanakutekenya?" dada mtu aliuliza.

"Kidogo. Shingoni hasa."

Walinyonya ziwa moja, lakini uso wa dada mtu ulijaa madoa, na kando ya pua daktari alishamkata vinundu viwili. Alishajaribu sabuni ya mdogo wake, mafuta yake, hata upande wake wa kitanda. Sasa aliubandika mkono wake kwenye wa mwenzake.

"Karibuni na huku," akasema.

Fundi mmoja mkongwe alivuka, akafika kwenye kiwiko, akasimama.

"Mwanangu, huku kwako tupo, na mikasi tunayo. Anayetuonyesha palipoharibika ndiye hayupo. Hukuzaliwa naye."

"Na huyu?"

"Huyu kazaliwa naye."

"Basi hata hili kanizidi," dada mtu akasema. Mdogo mtu akajifanya hakusikia.

Asubuhi mdogo mtu alikwenda kwa msimamizi kumwombea dada yake kazi ya kupiga pasi, ndani, kivulini. Ili aeleweke, alieleza habari zote za mafundi. Msimamizi alisikiliza kwa makini. Kisha akaagiza turubai walilopumzikia chini yake kule paani lishushwe. Kama ngozi inajitengeneza yenyewe, alisema, kivuli cha nini? Turubai likaenda kufunika gari lake.

"Umeniponza," dada mtu alisema walipopanda paani.

"Nilikuwa nakuombea, dada."

"Ulikwenda kuwasifia mafundi wako."

Mdogo mtu alihamia upande wa jua, akatanua mabega, kivuli chake kikamwangukia dada yake. Dada mtu alibana mashuka kambani humo kivulini bila kusema asante. Kila alipoinua macho aliiona ile shingo mbele yake, imelowa jasho, haina hata doa, akaionea wivu mpaka meno yakamuuma. Jua liliposogea, mdogo mtu alipiga hatua kulifuata. Naye dada mtu akapiga hatua, asitoke kivulini.