Kitambaa cha Mama Angélique

Ungeweza kuidharau cherehani ya Nassoro naye akacheka, maana suruali ni suruali. Lakini saksofoni, hapana. Ile alikuwa akiipiga kila Jumapili alasiri kwenye baa moja ya mtaa wa Tshopo, miaka kumi na miwili sasa, na hakuna aliyewahi kuthubutu kusema kwamba hajui kubuni muziki papo hapo.

Kule Tshopo kulikuwa na utaratibu. Waimbaji waliponyamaza na saksofoni kuachiwa uwanja, Mama Angélique, muuza samaki wa kule kwenye maporomoko ya mto na mkuu wa chama cha wanawake, alisimama mbele ya Nassoro na kitambaa chake cheupe. Kitambaa kikiwa juu, endelea. Kikizungushwa, chochea. Kikitua begani mwako, maliza. Nyuma yake walicheza wanawake thelathini, na Nassoro aliokota sauti zake kutoka kwenye miguu yao. Hakuwahi kupiga kitu kilekile mara mbili, wala hakujua atapiga nini mpaka aone mabega ya mtu yanapanda.

Basi mwaka uliofuata uhuru, mji wao ulipokuwa umeikataa serikali ya mji mkuu, Léopoldville, na kujiundia yake, zikaja habari kwamba nchi rafiki inatoa nafasi ya kusomea muziki ng'ambo, kwa mpiga jazi anayejua kubuni. Nafasi moja tu. Nassoro alikuwa na miaka arobaini na moja na hakuwahi kufundishwa hata noti moja. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka.

Jaribio lilifanyika hotelini, saa ya chakula cha mchana. Katibu wa kamati alikuwa Henri, mtoto wa Tshopo hukohuko, sasa kavaa tai na kuota kitambi cha ofisi. Aliwaweka wapigaji kwenye kona, nyuma ya vyungu vya maua, wasije wakawazibia wageni wa ile nchi rafiki mandhari ya mto. Mama Angélique na wenzake walikuja na vitenge vyao vya sikukuu, wakazuiwa getini. Nassoro akaomba waingie japo watatu. Henri akamjibu kwamba hapa iko hoteli, haiko soko. Uhuru gani huu, wa kuwafukuza mama zako kwenye mlango uleule aliowafukuzia Mbelgiji?

Wa kwanza alikuwa Urbain, fundi wa redio. Alikuwa na santuri moja ya saksofoni kutoka Amerika, akaikariri mwaka mzima, hata pale mpigaji wake anapovuta pumzi. Akaitapika yote bila kukosea, na wageni wakaweka uma chini wakampigia makofi. Nassoro almanusura acheke. Tangu lini kukariri alichobuni mwenzako kukawa ndiko kubuni?

Ikafika zamu yake. Alianza vizuri, akafika pale anapoachiwa uwanja, akainua macho. Vichwa vyote vilikuwa vimeinamia sahani. Hakuna bega, hakuna mguu. Akazunguka palepale mara mbili, mara tatu. Mara, kwenye meza ya mbele, kitambaa cheupe kikapanda. Damu ikamchemka, akapanda nacho, saksofoni ikalia kama Jumapili. Kitambaa kikashuka mapajani, naye akakwama. Kikapanda tena, akapanda tena. Alikuwa mgeni mmoja mnene, anafuta mchuzi mdomoni. Meza ile ilipoelewa kinachoendelea ikaangua kicheko.

Henri alisoma uamuzi palepale. Urbain amefaulu, na Nassoro hajui kubuni. Yote yalikwisha kuandikwa kwenye karatasi yake.

Nassoro alipita katikati ya vyungu, kimoja kikaanguka kikapasuka, akaenda kusimama mbele ya Henri.

"Henri, siku ya ndoa yako nilipiga saa muzima. Sikurudilia kitu. Ulilia mbele ya batu. Leo munasema sijue?"

Henri aliwatupia wageni jicho, akashusha sauti.

"Papa Nassoro, ile siku batu balikuwa nacheza."

"Bon, sawa. Andika vile."

Henri aliitazama karatasi, akaitazama kalamu. Kisha akaifunga ile kalamu, akaichomeka mfukoni, akamwita mhudumu aje kuokota maua.