Miguu Iliyokwenda Mlimani

Jumamosi saa nane mchana, karani wa dirisha la tatu alikuwa akimwandikia kadi mzee mmoja mwenye kikohozi, mkuu wa mapokezi akaja nyuma yake na kuiweka mezani fomu yake ya ruhusa ya kesho, kifudifudi. Karani aligonga muhuri kwenye kadi, akamwelekeza mzee chumba namba tisa, ndipo akaigeuza fomu. Sahihi ya mkuu, iliyokaa pale miezi mitatu, ilikuwa imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mkuu alieleza kwamba kesho dirisha la nne litakuwa tupu, maana karani wake anakwenda arusini, na arusi haiahirishwi. Karani wa dirisha la nne alikuwa mpwa wa mkuu. Hilo hakulieleza, kwa kuwa hospitali nzima ililijua.

"Mlima upo tu, dada," alisema. "Hauhami."

Karani hakubishana. Alikuwa mtu wa kumeza maneno, na kwa miaka kumi na minne ya dirishani alikuwa amemeza mengi kiasi cha kushiba. Lakini hili lilimkwama kooni. Kila mwaka kwa miaka tisa alikuwa amekimbia mbio za mlimani, kilomita arobaini na nane za mawe, mizizi na matope, na kwa miaka yote hiyo alikuwa ametaka kitu kimoja tu: amalize chini ya masaa saba. Siku yake nzuri kuliko zote alitumia masaa saba na dakika nne. Mwezi uliopita daktari wa viungo wa ghorofa ya pili alimbonyezabonyeza goti la kushoto, akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba goti hilo limebakiza mbio moja. Baada ya hapo atembee, na akitembea ashukuru.

Jioni alikaa kwenye kochi nyumbani, mkoba wa safari ukiwa mlangoni, umefungwa tangu Alhamisi. Mumewe alikuwa jikoni akimchagulia maneno ya kumfariji. Hapo ndipo miguu ilipotikisa vidole, ikajitoa kiunoni, ikashuka sakafuni. Hapakuwa na damu wala maumivu. Pale ilipoanzia palifungika vizuri, kama mfuko wa shati uliotiwa kifungo. Ilikwenda mlangoni, ikajipenyeza kwenye viatu vya mbio, kisha ikatoka na kusimama kando ya gari, ikisubiri kufunguliwa.

Mumewe alipiga magoti akaifunga kamba za viatu, kwa kuwa haikuwa na mikono. Halafu akarudi kuuliza sasa afanyeje.

"Ipeleke," karani alisema. "Na usiiache peke yake. Haina macho."

Kesho yake asubuhi jirani yao, dereva wa teksi, alimbeba karani mgongoni hadi garini, akinung'unika njia nzima kwamba nusu mtu hatakiwi kuwa mzito hivi. Walikuwa bado barabarani ilipotimia saa kumi na mbili kamili, na karani akahisi ardhi ya mlimani ikianza kumgonga nyayo. Alimwomba jirani azime redio. Saa moja kasoro dakika tano alikuwa amekwisha kuketishwa kwenye kiti chake, sketi imekunjiwa chini yake. Mkuu alichungulia chini ya meza, akatazama saa ya ukutani, akasema dirisha lifunguliwe.

Hesabu ilikuwa nyepesi, hata mtoto angeiweza. Mbio zimeanza saa kumi na mbili. Miguu ikifika kabla ya saa saba mchana, amepata. Saa ya ukutani ilining'inia juu ya mlango wa wagonjwa, mbele ya macho yake kabisa.

Saa tatu miguu iliingia mtoni. Baridi ilimpanda hadi kiunoni, meno yakamgongana, na mama mmoja kwenye foleni akamshauri naye apimwe homa. Karani alimshukuru, akamwandikia kadi. Alikuwa na chupa ya maji aliyoitia chumvi kidogo, akawa anakunywa funda moja kila robo saa, kwa sababu miguu haikuwa na kinywa na misuli hukaza. Mkuu alipita mara mbili nyuma yake. Mara ya pili alisema amefurahi kuona leo hakuna anayeomba kunyanyuka kitini.

Saa nne mumewe akapiga simu kutoka kituo cha maji. Sauti yake haikuwa nzuri. Alisema usiku wa kuamkia jana mvua ilikata njia ya juu. Wakimbiaji walitangaziwa kabla ya kuanza kwamba wakifika kwenye tangi la maji washike kulia, maana njia ya kushoto imeporomoka. Kila mtu alisikia.

"Yenyewe haikusikia," alisema. "Nimejaribu kuiambia. Nitaiambiaje?"

Simu ikakatika. Miguu ile ilikuwa imepita kwenye tangi mara tisa, na mara zote tisa ilishika kushoto. Ilikuwa inaijua njia ile kuliko njia ya chooni kwao.

Ilipokaribia saa tano alianza kuegemea kulia. Aliegemea kwa kadiri ya kiti kilivyomruhusu, mkono umeng'ang'ania ukingo wa meza, kalamu mdomoni. Mkuu alimwambia akae sawa, wagonjwa wanamwona. Fundi bomba aliyekuwa mbele ya dirisha, kidole chake kimefungwa kitambaa chenye damu, akauliza kuna nini.

"Nageuka kulia," karani alisema.

Fundi bomba aliona ni jambo linaloeleweka, naye akaegemea. Aliyekuwa nyuma yake akaegemea, na mama mwenye mtoto mgongoni, na wale wa benchi. Kwa dakika nzima foleni yote ililala upande mmoja. Watu walikuwa wamekuja na maradhi yao, na bado walipata nafasi ya kumsaidia.

Miguu ikashika kushoto.

Aliijua kila hatua: kokoto, kisha utelezi, kisha mahali ambapo palipaswa kuwa na njia na hapakuwa na kitu. Vidole vya mguu wa kulia vilikuwa juu ya hewa tupu. Miguu ilisimama. Upepo ulikuwa ukiipuliza kutoka chini. Karani aliogopa, na hofu yake haikuwa na pa kwenda. Hakuweza kuivuta nyuma hata kwa unene wa ukucha. Mama mwenye mtoto alikuwa amefika dirishani, basi akamuuliza umri wa mtoto, mtaa wanaokaa, anaumwa tangu lini, akayaandika yote kwa mwandiko wake ule ule mzuri, huku nusu yake ikiwa imesimama ukingoni mwa korongo. Alihesabu dakika kumi na moja kwenye saa ya ukutani.

Kilichoiokoa ni mtetemo. Wakimbiaji waliokuwa nyuma walianza kupita njia ya kulia, wengi kwa pamoja, na ardhi ikatetemeka chini ya nyayo. Miguu ilisikiliza kwa namna yake, ikajigeuza polepole, ikawafuata. Karani alishusha pumzi, akamwita anayefuata.

Iliteremka kama iliyofukuzwa. Saa sita na nusu goti la kushoto likaachia. Halikupiga kelele; lilikatika tu, kama uzi wa kushonea, na karani akauma mdomo na muhuri ukatua pembeni ya kadi. Alijua ndiyo imekwisha. Miguu nayo ilijua, lakini haikupunguza mwendo.

Saa saba kasoro dakika nane simu ikaita.

"Masaa sita na dakika hamsini na mbili," mumewe alisema. Alikuwa analia. "Nimeiona kwa macho yangu ikivuka mstari wa mwisho."

Karani alifumba macho. Alifurahi hadi kifua kikamuuma. Kisha akauliza wameandikaje.

"Hawakuandika. Namba inavaliwa kifuani, wamesema. Hapakuwa na kifua. Kwenye orodha wameweka kwamba hukuanza."

Mumewe akaongeza kwamba kuna jambo jingine. Miguu haikusimama. Watu walipiga makofi, lakini haikuwa na masikio, wala hapakuwa na wa kuiambia kwamba imemaliza. Ilipita katikati ya watu, ikashika barabara, na yeye alipofika kwenye gari hakuiona tena.

Karani alikuwa amekwisha kuisikia lami. Ilikuwa inachechemea lakini inakimbia, na dunia yote ilikuwa mbele yake. Hakuna aliyekuwa ameishika. Alitamani iende popote: baharini, kwa dada yake, kwenye nchi ambayo hakuwahi kuiona. Alitamani hivyo kwa mchana mzima. Saa kumi ilipita mtaa wao bila kukata kona ya nyumbani, na hapo akajua inakokwenda.

Saa kumi na nusu iliingia kwa mlango wa wagonjwa, matope hadi mapajani, goti limevimba. Watu wa foleni waliipisha. Ilizunguka kaunta, ikapenya chini ya meza ya dirisha la tatu, ikajirudisha mahali pake. Maumivu yote yakaja kwa pamoja.

Mkuu alikuja na karatasi nyeupe. Alisema miguu imechelewa kuripoti kwa masaa tisa na nusu, basi karani aandike barua ya maelezo, aseme ilikuwa wapi na kwa muda gani hasa. Karani akaandika. Mkuu aliisoma barua akiwa amesimama, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu.

"Masaa sita na dakika hamsini na mbili. Una hakika?"

"Nina hakika."

"Maana hii inakaa kwenye jalada lako milele."

Mkuu alitia sahihi, akaandika tarehe, akachukua muhuri wa dirisha la tatu na kuugonga juu ya muda ule ule, sawasawa, wino haukusambaa. Kisha akaenda nayo kabatini.

"Anayefuata," karani alisema.