Turubai Kwake, Nguzo Kwake

Wazee waliokaa kugawa mali ya mke na mume wale walioachana walitaka haki itendeke na mtu asinune, ndipo wakaligawa hata hema. Turubai likaenda kwa mke, maana ndiye aliyelishona. Nguzo zikaenda kwa mume, maana ndiye aliyezichonga. Biashara ya kukodisha hema ikafa siku hiyo hiyo. Mke akalikunja turubai, akalisukumia chini ya kitanda, akaendelea kushona sare za shule.

Binti yao wa pekee alipochumbiwa, alisema harusi ataifanyia uwanjani nyuma ya nyumba, ndani ya hema lile alilochezea utotoni. Mama akajibu sawa. Siku hizi karibu kila jambo alilijibu hivyo. Hakuwa na hasira wala uchungu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, basi.

Mdogo wake wa kiume, mwashi ambaye mtaa mzima ulimwita Pimamaji kwa sababu hata akienda kutembelea watu hukagua kama meza imekaa sawa, akajitolea kumsaidia kutafuta nguzo nyingine. Wakaanzia kwa wauza mbao. Mirunda ilikuwa tele, lakini mibichi. Pimamaji akafumba jicho moja, akaichungulia mmoja mmoja, akasema ulionyooka leo, kesho jua likiupiga utapinda. Wakaenda kwa fundi wa kuchomelea. Mabomba yake yalikuwa mafupi. Kuyaunga angeweza, ila mwenyewe aliwakataza: turubai kubwa namna ile likishika upepo kiungo kitaachia, na chini wamekaa watu.

"Twende kwake," mshonaji akasema.

"Dada, una hakika?"

"Nguzo ziko kwake."

Kwa miaka mingi alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia mtalaka wake siku watakayokutana uso kwa uso. Njiani aliyatafuta, asipate hata moja.

Walimkuta nyumbani. Mbele ya nyumba kulikuwa na baraza mpya ya mabati, na zilizoibeba ni nguzo zile mbili kubwa za hema, zimepakwa rangi ya kijani. Baraza ilipanda juu kuliko nyumba yenyewe, na bati liliinamia ukutani, kwa hiyo maji ya mvua yote yaliishia mlangoni. Pimamaji aliguna, akauliza ni fundi gani aliyefanya maajabu hayo.

"Ni mimi," mtalaka akasema. "Nilishindwa kuzikata."

Mkewe wa sasa akatoka na mtoto kiunoni, akamwamkia mshonaji shikamoo, akaleta viti na maji. Mshonaji akajipekua rohoni, angalau apate wivu kidogo. Maji yalikuwa ya baridi. Akayanywa yote.

"Harusi ni Jumamosi," akamwambia mtalaka.

"Binti ameniambia. Nilikuwa nangoja mtu aniulize."

"Mpe," mkewe akadakia. "Baraza yenyewe inatulowesha."

Basi akapanda kung'oa mabati. Pimamaji akayapokea, na mshonaji akaishika ngazi, kwa kuwa lazima mtu aishike. Nyayo za yule mwanamume zilikuwa mbele ya macho yake, zimepasuka visigino kama zamani. Akazitazama kama anavyotazama nyayo za mtu yeyote.

Siku ya kusimamisha hema walifanya kazi pamoja. Mshonaji alisema vuta, mtalaka wake akavuta. Akasema legeza, akalegeza. Turubai lilipojaa hewa na kutulia, binti aliingia akasimama katikati, akaanza kulia. Mama akamkumbatia. Alijua hapo ndipo na yeye angelia, akangoja. Machozi hayakuja. Akamfuta mwanawe pua kwa ncha ya khanga, akaenda kupanga viti.

Harusi ilipita salama. Wiki iliyofuata jirani mmoja akaja kuulizia hema kwa shughuli yake. Mshonaji alikuwa anakata kitambaa, hakuinua kichwa.

"Nguzo si zangu," akasema. "Mwulize na mwenyewe."

Jirani akaenda, akarudi na jibu kwamba mwenyewe amekubali, ila anataka kujua aje lini kulisimamisha. Mshonaji akamaliza kukata mkono mmoja wa shati, akakata na wa pili.

"Mwambie aje asubuhi," akasema, "kabla ya upepo."