Ngano ya Kitalu cha Chini

Baba ndiye mkuu wa kituo chetu cha kuzalisha mbegu za ngano, na mimi ni mtafiti chini yake. Watu hudhani nilibebwa. Nilibebwa wapi! Wenzangu walipewa vitalu vitatu vitatu, kila kimoja na udongo wake. Mimi nilipewa kimoja, kule chini karibu na uzio. "Vingine vimejaa," baba alisema, macho yakiwa kwenye kikombe chake cha chai.

Sikulalamika. Kila msimu nilipita mstari kwa mstari nikichagua mashina yenye masuke mazito, nikapanda mbegu zake palepale, nikachagua tena. Mbegu ya kawaida sikuipanda kando yake ili nilinganishe. Nafasi ilikuwa finyu, nami niliona uchungu kuipoteza. Ngano yangu ikanenepa mpaka wenzangu wakawa wanakuja kuichungulia kwa kijicho. Baba alikuja pia. Alisugua suke viganjani, akatafuna punje, akasema, "Endelea." Kwa neno hilo moja nililala usingizi mtamu mwaka mzima. Nilikuwa mjinga kiasi hicho.

Kazi yetu yote ni swali moja: uzuri huu umetoka kwenye mbegu, au mahali ilipoota? Kinachorithiwa ni cha mbegu tu. Kwa hiyo kabla ya kuidhinishwa, mbegu mpya hupandwa mashamba mengine, bega kwa bega na ya kawaida. Yangu ikapandwa. Baba alikuwa anastaafu, na aliitangazia kamati inayoidhinisha mbegu kwamba ikifaulu, kiti chake ni changu.

Matokeo aliyasoma mwenyewe. Kila shamba, ngano yangu haikuizidi ya kawaida hata kidogo. Kisha akaipeleka kamati nzima kitaluni kwangu, akanikabidhi jembe.

"Chimba, mama," akasema kwa upole.

Nikachimba. Udongo ukatoka mweusi tii, kama nilivyouona kila msimu nikidhani ni bahati yangu.

"Hapa palikuwa na zizi la ng'ombe," baba akawaambia wanakamati. "Yeye alikuwa hajazaliwa bado. Hata ufagio ungeuchomeka hapa ungetoa masuke. Binti yangu amekaa miaka akichagua mavi."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Kitalu si nilikupa mimi? Nilitaka kuona kama umerithi jicho langu." Akajipangusa vumbi mikononi. "Hukurithi."

Kiti akapewa mwenzangu wa kitalu cha jirani. Mimi nikaamriwa kuifyeka ngano yangu iwe malisho, nikaifyeka huku nalia waziwazi, sikujali nani ananiona.

Jioni nilikwenda jikoni kwa mama, nikitafuta mtu mmoja tu wa kuwa upande wangu. Nilimweleza yote, nikamtukana mumewe bila haya. Mama alikuwa akimenya vitunguu na hakuinua uso.

"Ng'ombe wa zizi lile nilikuwa nawakamua mimi," akasema. "Baba yako alinikataza nisikwambie."

"Ukakubali?"

"Nilijua utagundua mwenyewe, mwanangu. Kila msimu nilikuwa nasema, safari hii atagundua."

Nikaona kwamba ninamchukia yeye kuliko ninavyomchukia baba, na nikamwambia hivyo hivyo, mpaka kisu kikamtoka mkononi.