Picha Ndefu ya Ubatizo

Siku ya ubatizo wa mwanawe Tadei, Levina alitaka kitu kimoja tu: mama yake na mume wake waonekane kwenye picha moja. Tangu aolewe hajawahi kuwapata. Mama huyo, Bibi Domitila, aliyekuja toka Lupiro kumsaidia kulea, alilelewa Mahenge kwa adabu za zamani. Mkwe akiingilia mlangoni, yeye anatokea uani. Kusimama naye bega kwa bega mbele ya kamera? Afadhali alale njaa.

Evaristo, mpiga picha wa pale Lumemo, akasema hilo dogo. Angepiga picha ndefu ya vipande vitatu, kushoto, katikati, kulia, akiigeuza kamera polepole juu ya miguu yake mitatu. Vikishasafishwa Morogoro, angeviunga kwa gundi. Mama akae mwisho wa kushoto, mkwe mwisho wa kulia, ukoo mzima katikati kama ukuta. Bibi Domitila akauliza kama ukuta huo hauna ufa. Akahakikishiwa hauna.

Wakapangwa mbele ya nyumba. Ponsiano, mume wa Levina, akapewa mtoto, akamshika kama mtu aliyekabidhiwa kambale mbichi anayerukaruka. Kamera ikalia kushoto. Bibi Domitila akajua yake imekwisha, akavua viatu vilivyombana. Ikalia katikati. Hapo Tadei akaangua kilio, kichwa kinaning'inia nje ya mkono wa baba yake. Levina, aliyebanwa na mashangazi, akaona kitenge cha mama yake kikipita mbio nyuma ya watu. Kabla hajafungua mdomo, kamera ikalia kulia.

Wiki mbili nzima alisali mkanda uungue. Haukuungua. Evaristo alipoikunjua picha mezani, Bibi Domitila alikuwa kushoto, kanyooka, uso wa kanisani. Kulia alikuwepo tena, peku, bega limemgusa mkwe, kiganja chini ya shingo ya mjukuu.

Evaristo akatoa mkasi, akanong'ona kwamba cha kulia kinakatika kirahisi. Ponsiano alishatokea uani.

Bibi Domitila akaisogeza picha karibu na macho.

"Mimi ni huyu wa kushoto," alisema. "Huyo mwingine simjui, na adabu hana. Ila mtoto kamshika vizuri kuliko baba yake. Rudisha mkasi wako, mwanangu."

Levina akaenda kutafuta misumari. Mama yake akamfuata, akataka itundikwe chini kidogo, Tadei aweze kuiona.